Usiyasugue Meno kwa Ajili Yangu: Dhana Potofu Kuhusu Miadi ya Kwanza ya Urembo wa Meno

Kila nikisikia mgonjwa mpya akisema "Daktari, mimi nimejiandaa," huwa najua nitakachokuta akifungua kinywa: fizi zilizochubuka, meno yaliyosuguliwa mpaka yanauma kwa upepo tu, na mstari mweusi wa unga wa mkaa uliojibana kati ya fizi na jino. Ndiyo maandalizi yenyewe hayo. Watu wanamwogopa daktari wa meno kama mwanafunzi anayesubiri madaftari yakaguliwe, kwa hiyo wiki mbili kabla ya miadi wanajaribu kufuta makosa ya miaka. Nimemweleza mmoja mmoja hadi nimechoka. Sasa naandika.

"Niyang'arishe mwenyewe kwanza, daktari asije akakuta meno machafu"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, na sitaipita haraka.

Tuanze na ndimu. Enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi; maji ya ndimu yako kati ya 2 na 3. Ukipaka ndimu kisha ukasugua, asidi inaulainisha uso wa jino na mswaki unaukwangua ukiwa umelainika. Siku za mwanzo jino litang'aa kweli, kwa sababu madoa yametoka pamoja na tabaka lililoyabeba. Hapo ndipo watu wanapotoa ushuhuda kwamba inafanya kazi. Kinachofuata hawakisimulii. Chini ya enameli kuna dentini, nayo kwa asili yake ni ya njano. Enameli nene inaificha. Ikikonda, njano inachungulia. Mtu anaona meno yamerudi kuwa njano, anaongeza ndimu. Na enameli haioti tena, maana seli zilizoitengeneza zilikwisha kufa jino lilipochomoza. Mate hurudisha madini kidogo kwenye uso uliolainika, lakini hayajengi upya kilichokwanguliwa kikatemwa kwenye sinki.

Mkaa nao una lake. Chembe zake zinakwaruza, na zinajificha kwenye nyufa na kwenye kingo za meno yaliyozibwa, ambako huacha mstari usiotoka kwa mswaki. Hauwezi kubadilisha rangi ya ndani ya jino, kwa sababu rangi ya ndani hubadilishwa na kemikali inayopenya, haibadilishwi kwa kusugua hata ukisugua mpaka mkono ufe ganzi. Magadi ya kupikia (baking soda), niseme haki, peke yake si makali sana. Dawa kadhaa za meno zinayo. Ila ule mchanganyiko wa magadi na ndimu unaotoa povu, povu linalowafurahisha watu ni asidi na magadi vinavyomalizana vyenyewe. Jino halipati faida yoyote hapo, na ndimu ikizidi magadi, asidi iliyobaki inaendelea na kazi yake.

Sasa njoo upande wangu wa kiti. Umekuja kuniomba vinia, lile ganda jembamba linalofunika uso wa mbele wa jino. Vinia haiingii kwa kubana, inagandishwa. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno na mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosfori ikipakwa kwenye enameli huacha vishimo vidogo mno ambavyo resini, ile plastiki ya majimaji inayokuja kuwa ngumu, inaweza kuving'ang'ania, na sehemu kubwa ya urembo wa meno tunaoufanya leo imesimama juu ya ugunduzi huo. Gundi hushika dentini pia, lakini si kwa uhakika ule ule miaka inavyopita. (Kabla hujaniuliza: ndiyo, nami napaka asidi. Naipaka kwa sekunde 15 hadi 30, mahali ninapotaka kugandisha kitu, na naufunika uso huo papo hapo. Sikuachii ukale nao.)

Vinia ya kauri mara nyingi huhitaji jino lipunguzwe kati ya milimita 0.3 na 0.7. Kwenye meno ya mbele, karibu na fizi, enameli yote haifiki milimita 1, na mara nyingi ni kama nusu ya hapo. Fanya hesabu mwenyewe. Aliyejisugua kwa ndimu miezi miwili amekula akiba niliyokuwa niifanyie kazi, halafu ananishangaa nikimwambia vinia aliyoitaka haitadumu vile alivyosoma.

Kuna kundi jingine, la walionunua vifaa vya kung'arisha mtandaoni. Hawa siwezi kuwaambia kwamba dawa yao ni ya uongo. Peroksaidi, kemikali iliyomo ndani yake, inang'arisha, sibishi. Trei za usiku, vile vifuniko vya plastiki vinavyovaliwa menoni, zenye kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 zimekuwa kwenye maandiko ya kitaalamu tangu 1989, nami nazitumia kwa wagonjwa wangu. Ninachobishana nacho ni wakati. Meno yaliyotoka kupakwa peroksaidi huuma kwa baridi, sasa ukinionyesha jino linalouma nitajuaje kama ni dawa, shimo au ufa? Oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia resini kukomaa vizuri, kwa hiyo kazi yoyote ya kugandisha husogezwa mbele wiki 2 hivi. Tena peroksaidi haigusi rangi ya kofia (ganda linalovikwa jino zima), ya vinia wala ya kompositi (resini ngumu ya rangi ya jino). Mtu anaingia na meno ya asili meupe pee, na katikati yake jino moja lililozibwa zamani limebaki na rangi yake ileile. Kazi iliyokuwa nzima kabisa inabidi niifumue kwa sababu ya rangi tu.

Na lile jino moja lililoingia weusi peke yake, tafadhali, usilipake kitu. Mara nyingi ni jino ambalo mshipa wake ulikufa, pengine baada ya kugongwa utotoni, na mwenyewe hana habari kwa kuwa haliumi. Linahitaji eksirei kwanza, na huenda likahitaji matibabu ya mzizi. Baada ya hapo tunaling'arisha kwa ndani. Ukilipaka nje likafifia kidogo, umenifichia dalili niliyohitaji kuiona.

Basi ujiandaeje? Piga mswaki kama unavyopiga siku zote. Basi. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki wala usizikandamize na maji ya chumvi usiku kucha ili zitulie kesho. Nataka kuziona zikitoka damu. Uje na ukoga wako wote, maana mahali ulipojikusanya ndipo mswaki wako usipofika, na hapo ndipo kazi yangu nzuri itakapooza baada ya miaka mitatu tusipozungumza. Mvutaji anieleze kwamba anavuta. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake zinaweza kuonekana tulivu huku mfupa chini unaliwa.

"Kukwangua ukoga kunalegeza meno, tuanze na urembo moja kwa moja"

Jino linalocheza baada ya kukwanguliwa lilikuwa limelegea kabla sijaligusa. Ukoga uliogeuka jiwe ndio uliokuwa umelishikanisha na jirani yake. Na fizi inayotoka damu haiwekewi vinia: unyevu huharibu gundi, na fizi iliyovimba ikija kupona inanywea, inaacha ukingo wa vinia wazi. Mgonjwa atarudi akilalamika kwamba nilipima vibaya. Fizi kwanza, mashimo yafuate, urembo uje mwisho. Kwenye mpangilio huu sina mjadala na mtu.

"Nitatoka na tabasamu jipya siku hiyo hiyo"

Hutatoka nalo, na akikuahidi mtu kukukata meno siku mliyokutana, chukua mkoba wako uondoke. Miadi ya kwanza ni maswali, uchunguzi, picha, eksirei na vipimo vya meno. Kwangu kuna hatua nisiyoiruka kabla ya kugusa enameli: umbo jipya linachongwa kwa nta kwenye nakala ya meno yako, kisha linahamishiwa kinywani kwa resini ya muda juu ya meno yako yaleyale, bila kukata chochote. Nakupa kioo, halafu nakwambia useme "fua" na "vua" taratibu. Ncha za meno ya juu zinapaswa kuugusa mdomo wa chini kidogo tu, pale unyevu wa ndani unapokutana na ukavu wa nje. Zikiuchoma mdomo, meno ni marefu. Maneno yakitoka na mluzi, kuna mahali pa kupunguza. Nusu saa ya kusema na kucheka ukiwa na resini ile inakuonyesha mambo ambayo picha kwenye skrini haiwezi.

Kuna wanaoona hatua hiyo ni ucheleweshaji. Wanakumbuka waigizaji. Ni kweli kwamba miaka ya 1930 Charles Pincus, daktari wa meno wa Hollywood, aliwatengenezea waigizaji vifuniko vyembamba vya meno kwa ajili ya kamera, lakini vilishikizwa kwa muda, na upigaji ukiisha vilivuliwa. Vya kwako havivuliwi. Jino likishapunguzwa litahitaji kufunikwa maisha yote. Vinia ya kauri iliyotunzwa vizuri hudumu miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Ya kompositi ni nafuu, na huchakaa au kubadilika rangi mapema kuliko hapo. Mwenye miaka 25 ahesabu atazibadilisha mara ngapi kabla ya uzee, na kila mara huenda jino likapungua kidogo zaidi. Huwa namwomba apige hesabu hiyo kwa sauti, mbele yangu. Wengi wakimaliza huuliza kama kunyoosha kwa bresi na kung'arisha kwa trei hakutatosha. Mara nyingi kunatosha.

"Nitampelekea picha ya msanii ninayempenda, aniige"

Picha hiyo imehaririwa, na mwenye meno hayo ana midomo yake, taya lake na fizi zake. Inanisaidia jambo moja tu, kujua kama unapenda meno ya mraba au ya duara. Niletee picha yako mwenyewe ya miaka kumi iliyopita ukicheka bila kujua unapigwa. Humo naona meno yalikuwa marefu kiasi gani kabla hayajasagika, fizi inaonekana kiasi gani ukicheka kwelikweli, na kipi kimehama. Picha moja kama hiyo inanifaa kuliko ishirini za watu maarufu.

"Kadiri yanavyokuwa meupe ndivyo yanavyopendeza"

Kipimo cha rangi ya meno cha kampuni ya VITA tulichokizoea kina vibao 16, kuanzia A1 hadi D4, na hakuna hata kimoja kati yake chenye weupe wa karatasi. Linganisha na weupe wa jicho lako mwenyewe. Meno yakiuzidi sana, watu wataona meno kabla hawajakuona wewe. Na usije umepaka rangi ya mdomo iliyokolea, maana inayadanganya macho yangu na yako pia. Rangi naichagua mwanzoni kabisa, kabla kinywa hakijakaa wazi muda mrefu, kwa kuwa jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Ukiona daktari anachagua rangi baada ya saa nzima ya kazi, muulize.

"Dawa ninazokunywa hazihusiani na urembo"

Zinahusiana. Nataka orodha yote. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako ati unakuja kwa daktari wa meno. Kuziacha ndiko kunakoweza kukuua. Dawa za kuimarisha mifupa hubadilisha mipango ya kung'oa na ya kupandikiza meno. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi. Mjamzito tunamwahirishia kung'arisha. Tetrasaiklini, ile antibiotiki uliyopewa utotoni, inaeleza ile mistari ya kijivu, ambayo kung'arishwa kwake ni kazi ya miezi, si wiki.

Unasaga meno usiku? Mwenyewe huenda hujui, kwa hiyo muulize unayelala naye chumba kimoja. Kauri huvunjika kwa msagaji. Kama una kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, uje nayo hata kama imetoboka, tena hasa kama imetoboka.

"Nitajieni tu bei ya jino moja kwenye simu"

Kwenye simu naweza kukutajia gharama ya miadi yenyewe. Zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha, kwa sababu sijui kama unahitaji meno mawili au manane, wala kama fizi zako ziko tayari. Ukishakaa kwenye kiti, niulize bei mbili: ya kuweka, na ya kubadilisha siku itakapovunjika. Ya pili ndiyo wagonjwa wanayoisahau, na ndiyo inayoleta ugomvi miaka saba baadaye.