Filamu Iliyoundwa Upya: Maana Yake na Namna ya Kuilinganisha na Filamu Asilia

Filamu iliyoundwa upya ni ile inayochukua hadithi, wahusika wakuu na mtiririko wa matukio ya filamu iliyokwisha kutolewa, kisha ikatengenezwa tangu mwanzo na kikosi kingine. Mwendelezo, unaosimulia yaliyofuata, haumo katika maana hii. Wala haimo sinema ambayo msimulizi wa kibanda cha video hapa Nakuru huitia sauti na utani wake, kwa kuwa picha hubaki zilezile, hata kama wengine wetu huufurahia usimulizi huo kuliko mazungumzo yenyewe.

Mfano ulio karibu nasi ni The Lion King. Filamu asilia ya Disney, iliyochorwa kwa mkono kwa sehemu kubwa, ilitoka mwaka wa 1994 baada ya wasanii wake kuzuru Kenya. Miamba na makorongo ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, hutajwa miongoni mwa mandhari yaliyowaongoza. Mwaka wa 2019 mwongozaji Jon Favreau aliiunda upya kwa kompyuta, wanyama wakafanana kabisa na wa mbugani. Hadithi haikubadilika sana, na James Earl Jones alirudi kuwa sauti ya Mufasa, babaye mhusika mkuu aitwaye Simba.

Anayelinganisha kwa makini hahesabu tu yaliyoachwa na yaliyoongezwa, bali huuliza kila badiliko limeleta nini na limeondoa nini. Simba anapomkuta babaye amekufa korongoni, wachoraji wa 1994 waliweza kumkunja nyusi na kumtoa machozi, kwa sababu simba wa kuchorwa haulizwi kama simba hulia. Filamu ya 2019, iliyojifunga kwa sura ya mnyama halisi, iliachia sauti na muziki sehemu kubwa ya huzuni hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipopungukiwa, ingawa nyasi, vumbi na manyoya yake ni ya kustaajabisha.

Si lazima filamu mpya ikae karibu hivyo na ya kwanza. Seven Samurai, aliyoiongoza Akira Kurosawa nchini Japani mwaka wa 1954, iligeuzwa mwaka wa 1960 nchini Marekani kuwa The Magnificent Seven, samurai, yaani wapiganaji wa kale wa Japani, wakawa mabingwa wa bastola wanaokilinda kijiji cha Meksiko. Samurai walilipwa wali, huku wakulima waliowaajiri wakila nafaka duni. Wenzao wa Marekani waliahidiwa dola 20 kila mmoja, na dola hizo, nionavyo, hazina uzito wa lile bakuli la wali.