Kabla hamjamdaka mgonjwa: ukali wodini, ubakaji na hofu iliyo nyuma yake

Mi ni nesi wa afya ya akili, na wanafunzi wa uuguzi wakija fildi swali lao la kwanza ni lilelile, sista utajuaje mgonjwa anataka kupiga? Wanategemea niwatajie dalili: anatembea huku na huku, sauti inapanda, ngumi imekunjwa, anakukodolea macho. Hizo zipo na uzijue. Ila mi huwa nawaambia waangalie pia dakika 10 za kabla ya hapo, nani alimsogelea, alimwambia nini, alinyimwa nini, kwa sababu wengi wanaocharuka wodini wana woga, na woga wenyewe mara nyingi una historia ndefu kuliko ugonjwa.

Chukulia dada mmoja (nimemuunga kutoka kwa wengi, msianze kutafuta ni nani). Mchana mpole kabisa, anafagia wodi, anasuka wenzake. Usiku muda wa dawa anakataa vidonge, basi wanaitwa wahudumu wanaume wanne, wanamlaza kifudifudi, wawili mikono wawili miguu, halafu anashushwa nguo maana klopromazini, sindano ya kutuliza, inachomwa kalioni. Anang'ata, anapiga mateke, anajikojolea. Kwenye faili inaandikwa "mgonjwa mkali, amepiga watumishi". Sasa isome tena hiyo sentensi ukijua kwamba akiwa na miaka 14 alibakwa na watu waliomshika hivyohivyo. Sisi tunajua tunatibu, mwili wake haujui hilo.

Maana kumbukumbu ya tukio kama lile haikai kama hadithi yenye tarehe. Inabaki vipandevipande, harufu ya jasho, uzito wa mtu mgongoni, mlango kufungwa, na kipande kimoja tu kikiguswa mwili mzima unajibu kama jambo linatokea sasa hivi. Mwingine anapigana, mwingine anakimbilia getini, na mwingine anaganda tu, hasogei hata kidole. Huyu wa kuganda ndo tunamwonea zaidi kwa sababu watu wanasema mbona hakupiga kelele. Stockholm kuna utafiti ulitoka 2017, wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura baada ya kubakwa, asilimia 70 walieleza kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Yaani kuganda ni kawaida, na hakumaanishi alikubali.

Na hata baada ya tukio usitegemee machozi. Mwaka 1974 nesi wa akili wa Marekani, Ann Burgess, akiwa na mwanasosholojia Lynda Holmstrom waliandika kuhusu wanawake waliobakwa na kufika hospitali ya jiji, wakaonyesha kuna wanaolia na kutetemeka na kuna waliotulia tuli wanajibu maswali kama wako benki, na makundi yote mawili yalikuwa na watu wengi. Miaka 50 imepita na bado nasikia "angekuwa kabakwa kweli asingekaa vile". Na hiyo kazi imefanywa na nesi mwenzetu jamani, tujivunie kidogo basi.

Nisieleweke vibaya, si kila ukali ni kovu la zamani. Pima sukari, pima malaria, angalia kama aliumia kichwa, angalia kama katoka kwenye pombe. Halafu kuna hili la haloperido, dawa nyingine ya kutuliza, ambalo linanikera mno, dawa hiyo inaweza kumfanya mtu ashindwe kutulia, miguu inamwasha kwa ndani, anazunguka wodi nzima na hasira juu, sisi tunasema ukali umezidi tunaongeza dozi ya dawa ileile iliyomfikisha hapo.

Sasa tufanye nini? Kushika kwa nguvu kupo na kuna siku hakukwepeki, mtu kashika chupa anataka kumchoma mwenzake huwezi kuanza kumuuliza utoto wake. Lakini kiwe kitu cha mwisho, awepo mwanamke kama mgonjwa ni mwanamke, mtu mmoja tu aongee, aambiwe kila hatua kabla haijafanyika, afunikwe, na asikandamizwe kifudifudi maana anaweza kukosa pumzi akafa mikononi mwenu. Uingereza walijaribu mpango unaoitwa Safewards, vitu vidogo tu kama kuongea lugha ya upole, kumwelezea mgonjwa vizuri wakati wa kukabidhiana shifti badala ya "yule msumbufu", kukaa na wagonjwa baada ya vurugu, na matokeo ya 2015 yalionyesha vurugu na migogoro vimepungua kwa asilimia 15 na kushika wagonjwa kwa nguvu, kuwatenga chumba cha peke yao na sindano za haraka kwa asilimia 26. Mi naona mengi kati ya hayo hata sisi wenye nesi mmoja wodi nzima usiku tunayaweza.

Halafu kuna jambo ambalo tunalikwepa, kwamba wodi yenyewe inaweza kuwa mahali pa kubakiwa. Mkaguzi wa huduma za afya England alitoa ripoti 2018, kwenye taarifa za miezi 3 tu walikuta matukio ya kingono 1,120 kwenye wodi za akili. Kwetu Tanzania sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 imewataja kabisa wafanyakazi wa hospitali wanaotumia nafasi zao, imewataja na waganga wa jadi na viongozi wa dini, na mnajua wagonjwa wetu wengi wamepita huko kote kabla ya kutufikia. Kwa hiyo mgonjwa akikwambia "jana usiku kuna mtu kanifanyia kitu", usiandike eti ni maluweluwe ukaendelea na chai. Anaweza kuwa anasikia sauti NA akawa amebakwa, kimoja hakifuti kingine. Kazi ya kuthibitisha si yako, ya kwako ni kumtenganisha na aliyemtaja, asioge kwanza, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi si wa plastiki, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, atumie siku 28, vidonge vya kuzuia mimba havizidi siku 5. PF3, ile fomu ya polisi, ifuatwe, lakini dawa zisisubiri fomu. Na wanaume pia hubakwa wodini, wao huwa hawasemi kabisa, unaona tu kaanza kulala chini ya kitanda.

Kuuliza mapema kunasaidia sana. Siku ya kulazwa, au akishatulia, nauliza faragha: kuna mambo tukikufanyia yatakuogopesha? Ukianza kukasirika nini kinakutuliza? Wengine wanasema nisishikwe shingo, wengine taa isizimwe. Naandika kwa maneno yake kwenye kadeksi, ile kadi ya maelezo ya mgonjwa ambayo manesi wote wanaisoma.

Na manesi waliopigwa, waliotomaswa, waliotemewa mate usoni? Hao kwetu wanaambiwa "ndo kazi uliyochagua" na kesho yake wanapangwa wodi ileile na mgonjwa yuleyule. Nesi ambaye hajapata hata dakika 15 za kukaa na wenzake kuongelea kilichotokea, usiku unaofuata atawahi kuita wanaume wanne.