Kilichomo ndani ya gilasi ya chokoleti

Tangu msimu wa wageni uanze, malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa chakula ni ya namna moja: mtu kaagiza kinywaji cha chokoleti ufukweni, Paje au Nungwi hapa Zanzibar, kakimaliza, ndipo anaambiwa kilikuwa na ulevi. Kwa Muislamu hilo si jambo dogo. Kwa anayejidunga insulini ni hatari, kwani pombe huzuia ini kutoa sukari, na sukari huweza kumshuka saa kadhaa baadaye, akiwa amelala.

Krimu na chokoleti huifunika ladha ya pombe. Gilasi yenye vodka mililita 45, likeri ya krimu (pombe tamu iliyochanganywa na krimu) mililita 50, krimu nzito mililita 30 na shira ya chokoleti vijiko 2 vya chakula ina takriban kalori 460, na pombe tupu gramu 20 hivi.

Sasa lile ninaloambiwa kila siku na wauzaji wa mjini: "Yetu haina pombe, ni maziwa tu, ni lishe." Pombe haina, lakini kwamba ni maziwa tu na ni lishe, si kweli. Ile ya mjini pombe imetolewa, yakatiwa maziwa mazito ya kopo. Vijiko 3 vya chakula vya maziwa hayo vina sukari kama gramu 32. Shira inaongeza 20. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na chini ya 25 ni bora zaidi. Hata ukiitoa sukari ya asili ya maziwa, gilasi moja imeshapita hizo 25 na kuzikaribia 50 kabla ya askirimu ya juu, na anayenunuliwa ni mtoto wa skuli.

Ukitilia shaka kinywaji, usikimwage. Kiache katika chombo chake, weka risiti, andika tarehe, saa na mahali, piga picha lebo ionekane jina la mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha utuletee siku hiyo hiyo. Kurusha video kwenye makundi ya WhatsApp na kuja siku ya tatu mikono mitupu hakutusaidii. Maabara hupima sampuli. Bidhaa iliyopitwa na muda huzuiwa, huorodheshwa mbele ya mwenyewe na huteketezwa kwa gharama yake.

Wauzaji, andikeni kwenye menyu, kwa Kiswahili, "kina ulevi". Krimu iliyofunguliwa ikae chini ya nyuzi 5. Na "mteja hakuuliza" hatuipokei kuwa ni jawabu.