Eti shotigani hailengwi: ninayoyasikia kila wiki kuhusu bunduki ya kwanza

Juzi tena. Kaka mmoja kaja kutoka Muheza, barua zake za maombi ya leseni ya bunduki ziko kwenye bahasha, mtu makini kabisa, nikamuuliza umewahi kupiga hata siku moja? Akanambia "fundi, mi ndo maana nataka shotigani, ile si hailengwi, unaielekeza tu huko marisau yanamaliza kazi." (Marisau ndo vile vidonge vya chuma vinavyotoka kwa pamoja kwenye risasi moja ya shotigani.) Nimetengeneza bunduki na kufundisha watu kupiga visahani vinavyorushwa hewani hapa Tanga miaka mingi na hii kauli naisikia kwa vijana, kwa wazee, kwa akina mama wenye maduka, mpaka kwa watu waliopita jeshini. Naomba leo niimalize maana ndo inayofanya watu wanunue bunduki isiyowafaa halafu walale nayo chumbani wakiamini wako salama.

Mtu wa namna hiyo simbishii kwa maneno. Nachukua karatasi za mifuko ya saruji, natundika kwenye fremu ya mbao, nampa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu unakuwa mwembamba) yenye mtutu usio na choki kabisa, yaani hauna ule mbano wa mdomoni, ndo unaotawanya kuliko yote, namwambia simama hatua tano. Hatua tano ndo sebule yako hiyo, kutoka mlango wa chumbani hadi kochi la mbali. Anapiga. Tukienda kuangalia karatasi ina tundu moja lililochanika, mdomo wa kikombe cha kahawa, pengine limezidi kidogo. Risasi ile ina marisau madogo karibu 350 na yote yamepita hapo hapo. Tunarudi hatua kumi na moja hivi, mita 10, sasa imekuwa sahani ya wali. Ukitaka upate sinia la pilau rudi mbali mno, mita 25 na zaidi, na nyumba ya mita 25 kutoka ukuta hadi ukuta hapa mjini anayo nani?

Kwa hiyo ndani ya nyumba shotigani inakosa kirahisi kabisa, kama bunduki nyingine yoyote. Na ukikosa hayo marisau hayapotei hewani. Risasi za marisau makubwa, zile wanazoita dabo-o, kawaida zina vidonge 9, kila kimoja kipenyo cha milimita 8.4, na kila kimoja kinaendelea na safari yake kupitia mlango wa mbao, dari ya jipsamu, ukuta wa udongo, bati la jirani. Tofali la sementi lililojazwa vizuri litakusaidia, nyumba za zamani za mawe kule mjini nazo kuta zake nene, ila madirisha na milango je? Watoto wanalala upande gani? Mimi hilo swali namuuliza mteja kabla hajanambia ana bajeti gani, na asiponijibu simuuzii ushauri wowote mwingine, tunakaa tunachora ramani ya nyumba kwanza.

Najua hii dhana imetokea wapi. Sisi walimu wa visahani tuna msemo wetu, tunamwambia mwanafunzi usilenge, elekeza. Kisahani kina upana wa milimita 110 tu, jina tu udongo lakini kimetengenezwa kwa lami na unga wa chokaa, kinaruka kwa kasi, ukifumba jicho moja na kutafuta kiguku cha mbele, kile kishanga cha mdomoni mwa mtutu, kama mtu wa raifo basi mtutu unasimama na kisahani kimeshapita. Unatakiwa uangalie kisahani kwa macho yote mawili, mtutu ufuate, upite mbele yake kidogo, ufyatue na uendelee kuzungusha mwili. Sasa mtu akisikia "usilenge" anadhani ni ruhusa ya kupiga ovyo, kumbe maana yake ni kwamba jicho lako ndo linalolenga na bunduki imekukaa mwilini kiasi kwamba inakwenda pale jicho linapokwenda. Ikiwa haijakukaa, jicho litaangalia kule na marisau yataenda huku, na hutajua kwa nini.

Na hapa ndo nataka kila anayenunua ya kwanza anisikilize. Kuchagua shotigani ni kama kuchagua kiatu, unaivaa. Funga macho, iweke begani, shavu lilale kwenye kitako bila kuikunja shingo, fungua macho. Unaona ule utepe wa chuma juu ya mtutu umenyooka mstari mmoja mpaka kiguku? Imekukaa. Unaona nyuma ya chemba tu, pale risasi inapokaa, au mtutu mzima kama barabara ya kupanda? Haijakukaa, kitako kifupi, kirefu au kiko chini mno, fundi anaweza kukirekebisha kwa kukata au kuongeza vipande, ni kazi ya siku moja mbili. Pima na jicho lako bwana: nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote wazi, fumba la kushoto, kidole kikibaki pale pale jicho la kulia ndo linaloongoza. Nimekutana na watu wa mkono wa kulia wenye jicho bwana la kushoto waliohangaika miezi bila kuvunja kisahani, tulipogundua wakahamia bega la kushoto na mambo yakabadilika.

Sasa huyu anayeamini shotigani hailengwi atachagua nini? Kile kifupi cha kwenye filamu, kisicho na kitako, kina mshikio kama wa bastola. Jamani. Hicho hakina mahali pa kuweka shavu, hakina bega, teke lote linaishia kwenye kifundo cha mkono, huwezi kupiga nacho kisahani hata kimoja na usichokifanyia mazoezi hutakiweza saa nane usiku ukiwa unatetemeka. Mtu wa kwanza akiniuliza nachagua pampu ya kawaida, ile unayovuta kishikio cha chini ya mtutu kuingiza risasi, yenye kitako kamili, ya aina inayobadilishwa mitutu, Remington 870 ambayo ipo sokoni tangu 1950 ni mfano mmoja na Mossberg 500 ni mwingine: mtutu wa inchi 28 wenye choki za kubadilisha kwa visahani, mfupi wa inchi 18 na nusu au 20 kwa nyumbani, mwili ni ule ule, mikono yako inaizoea bunduki moja. Bunduki ya mitutu miwili nayo naipenda sana kwa visahani. Ila usilipe hata shilingi kabla polisi hawajakwambia aina gani utapewa leseni, na mtutu wa ziada uulizie pia.

Mengine nayapitia haraka.

Eti ukiikokota tu pampu mwizi akisikia ule mlio anakimbia. Anaweza kukimbia, anaweza pia kujua umesimama wapi. Funga mlango wa chumba, kusanya watoto, piga 112, kaa nyuma ya kitanda. Bunduki ni ya pale mlango huo unapovunjwa, kutoka kwenda kumtafuta mtu gizani kwenye korido usifanye.

Eti mama au kijana mwembamba anunuliwe 410, ile shotigani ya mtutu mwembamba sana, kwa kuwa haina teke. Ganda la kawaida la 410 linabeba gramu 14 hivi za marisau wakati geji 12 ya visahani inabeba 24 au 28, kwa hiyo unampa mwanafunzi kazi ya fundi aliyebobea, anakosa kila kisahani na anakata tamaa. Mpe geji 20, au geji 12 nzito kidogo yenye risasi za gramu 24. Bunduki nyepesi ndo inayopiga teke, uzito ni rafiki yako.

Eti risasi ikiingia kwenye chemba basi ni yake. Hili linaua. Bunduki nyingi za kurithi zinazoletwa kwangu, za wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, zina chemba ya milimita 65, na risasi za siku hizi ni 70. Ile 70 inaingia vizuri tu na bunduki inafunga kwa sababu mdomo wa ganda umekunjwa, ukifyatua unakunjuka na hauna nafasi, presha inapanda. Na geji 20 ikidumbukia kwenye mtutu wa geji 12 inateleza inakwama mbele, wewe unadhani hujaweka kitu, unaweka ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka kwenye mkono wako wa kushoto. Ndo maana maganda ya geji 20 ni ya njano. Usichanganye mfukoni hata siku moja. Na hiyo bunduki ya marehemu babu, leseni ilikuwa ya babu, hairithiwi pamoja nayo, sheria ya silaha ya 2015 ipo, anzia polisi kabla hujaja kwangu.

Eti choki ya full, ile inayobana zaidi, inaongeza nguvu. Haiongezi, inabana tu: asilimia 70 hivi ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwenye yadi 40, mtutu usio na choki ni asilimia 40. Anayeanza aweke robo choki, ile inayobana kidogo tu, aache hapo hapo.

Eti ikikaa kwenye mfuko wake wa sponji haipati kutu. Hapa kwetu? Ukiwa Raskazone au Sahare, huku karibu na bahari, chumvi inaingia hadi kabatini, na ule mfuko unashika unyevu kama pamba. Itoe mfukoni, pitisha kitambaa chenye mafuta kila wiki hata kama hujaipiga, iweke kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani, risasi kabati lingine, na isimamishe mdomo chini ili mafuta yasishuke kuozesha mbao ya kitako.