Upupu, mnyaa na maganda ya korosho: maswali na majibu kuhusu mimea inayowasha na kuunguza ngozi

Mimea ya porini na shambani hudhuru ngozi kwa njia kuu tatu. Kuna inayochoma kwa vinywele, kama upupu na thabai. Kuna inayounguza kwa utomvu, kama mnyaa. Na kuna inayoleta mzio (aleji), kama maganda ya korosho na utomvu wa embe. Huduma ya kwanza ya mmoja si ya mwingine, na makosa mengi ya nyumbani huanzia hapo: jirani anakumbuka dawa iliyomsaidia na upupu, anaileta kwa mtu aliyeungua na mnyaa.

Mbona nimewashwa na upupu wakati sikuugusa kabisa?

Haikulazimu uuguse. Upupu ni mmea wa jamii ya kunde unaotambaa na kupanda juu ya vichaka. Ganda lake limepinda kidogo, na likikomaa unaliona kama limevikwa mahameli ya rangi ya dhahabu au kahawia. Hayo mahameli ni maelfu ya vinywele vigumu vyenye ncha kali. Kiangazi kinapoingia na ganda kukauka, mtikiso mdogo tu wa tawi unavipeperusha. Ukipita upande unakoelekea upepo wakati mwenzako anafyeka, vinakufuata shingoni, kwenye mikono na ndani ya kola.

Kila kinywele kimebeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huamsha neva za muwasho moja kwa moja. Muwasho wa kuumwa na mbu hupitia kemikali ya mwili iitwayo histamini. Huu wa upupu kwa sehemu kubwa haupitii huko.

Ndiyo sababu nimemeza piriton na bado najikuna?

Ndiyo. Piriton na setirizini huzuia histamini. Kwa upupu zinaweza kukusaidia kidogo, na piriton itakuletea usingizi, lakini usitegemee muwasho ukatike kama unavyokatika kwa aleji. Kuongeza kidonge cha tatu na cha nne hakuna faida, na ni hatari kwa anayeendesha bodaboda au kushika panga. Kinachomaliza upupu ni kuvitoa vile vinywele.

Basi nivitoe vipi?

Kwanza acha kujikuna, japo najua ni rahisi kusema. Kila ukikuna unavisukuma ndani zaidi na kuvihamishia sehemu nyingine kwa kucha. Toka hapo ulipo, elekea upande unakotoka upepo.

Vua nguo kwa uangalifu. Shati la vifungo lifungue; fulana usiivute kupitia kichwani, maana utavikusanya vinywele vyote na kuvipitisha usoni na machoni. Kama ni fulana ya shamba iliyochakaa, ichane tu kuanzia mbele.

Kisha chukua seloteipu au teipu nyingine yoyote yenye gundi, ibandike kwenye ngozi kavu na kuibandua, kipande kipya kila mara, mpaka uone haibebi kitu tena. Wazee wa vijijini hupaka tope, wakaliacha likauke kisha wakalibandua, na ukifikiri utaona kazi yake ni ile ile ya gundi. Sina ugomvi na tope, ila lisipakwe penye mchubuko au kidonda, kwa sababu udongo hubeba vijidudu vya pepopunda.

Baada ya hapo ndipo uoge, kwa maji mengi ya baridi yanayotiririka na sabuni, bila dodoki wala kitambaa cha kusugulia. Watu husema maji huzidisha upupu. Tatizo huwa ni maji ya kikombe kimoja na kusugua kwa kiganja, ambako huvieneza. Ukimaliza, kitambaa kilicholowa maji baridi na losheni ya kalamaini hutuliza. Vinywele vikishatoka, muwasho kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache.

Nguo zilizopata upupu zifue peke yake, na anayezifua avae glavu. Shuka ulilolalia kabla ya kuoga lihesabu kama nguo.

Shule ya mwanangu wanafunzi humwagiana upupu kwenye madawati. Si ni mchezo tu?

Mama, mchezo huo unaishia vibaya kinywele kikiingia jichoni au kikivutwa puani na mtoto mwenye pumu. Dawati lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, lisifagiliwe kikavu. Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kengele ya kutoka.

Thabai nayo ni upupu?

Watu wa bara huita yote upupu, lakini ni mimea miwili tofauti. Thabai huota nyanda za juu zenye baridi na unyevu, kuanzia milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania hadi Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Vinywele vyake vina uwazi ndani. Ncha ikivunjika kwenye ngozi inamwaga mchanganyiko wenye histamini. Maumivu yanakuja papo hapo, ngozi inatoka vivimbe vidogo vidogo, na mara nyingi hupoa ndani ya saa chache au siku moja. Usisugue, suuza kwa maji na sabuni, kisha bandika kitambaa baridi. Hapa dawa za kuzuia histamini zina nafasi yake. Ikichemshwa haichomi tena, na Wakikuyu huichanganya kwenye mukimo, chakula chao cha viazi vilivyopondwa na mboga.

Nilikuwa napogoa ua wa minyaa, maziwa yakaniruka jichoni. Niliosha, maumivu yakapungua. Nisubiri?

Hapana, usisubiri. Katika maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo ambalo dakika zina thamani kubwa zaidi.

Maziwa ya mnyaa, ambao kaskazini mwa Tanzania wengi huuita manyara, huunguza sehemu ya mbele ya jicho. Mtego wake ni kwamba maumivu ya mwanzo yanaweza kupungua ukiosha, kisha yakarudi kwa nguvu saa kadhaa baadaye: jicho linavimba, machozi yanatiririka, mwanga hauvumiliki na kuona kunafifia. Mtu aliyepata ajali asubuhi anaweza kujikuta hawezi kufumbua jicho usiku.

Nawa mikono kwanza, kwa sababu utomvu ulio kwenye vidole utaurudisha jichoni mwenyewe. Lala au inama, mwenzako akushikie kope wazi na kumimina maji safi polepole kutoka pembe ya ndani karibu na pua kuelekea nje, kwa angalau dakika 15, na zikifika 30 ni bora zaidi. Kisha nenda hospitali yenye huduma ya macho siku hiyo hiyo. Mtaje mmea uliokuumiza, na ukiweza beba kijitawi ndani ya mfuko wa plastiki.

Usitie maziwa ya mama, maji ya sukari, asali wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Nyingine kati ya dawa hizo za matone zina steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, na jicho lenye mchubuko likipata steroidi bila kupimwa linaweza kuharibika kabisa. Wanaotibiwa mapema wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili bila kuachwa na kovu. Wanaochelewa ndio hupoteza uwezo wa kuona.

Utomvu ukigusa ngozi peke yake, osha kwa sabuni na maji mengi mapema iwezekanavyo. Ukishakauka huganda na kuondoka kwa shida.

Nimebangua korosho tangu utoto. Mwaka huu mikono imetoka malengelenge. Kulikoni?

Kati ya ganda la nje na la ndani la korosho kuna mafuta meusi yanayonata. Yana asidi ya anakadi na kemikali iitwayo kadoli. Yakiwa mengi huunguza ngozi ya mtu yeyote: ndiyo maana vidole vya wanaobangua kwa mkono hubadilika kuwa vyeusi na kuambuka, na ndiyo maana hupaka mafuta au majivu kabla ya kazi. Kwa watoto wanaochoma korosho zenye maganda kwenye moto wa kuni, mafuta hayo hulipuka na kuruka usoni, na moshi wake huwasha macho.

Lakini unachoeleza wewe kinaelekea kuwa mzio. Mwili unaweza kukaa na kitu miaka mingi bila shida, kisha siku moja ukakikataa, na ukishakikataa haurudi nyuma kwa urahisi. Dalili yake ni kuchelewa: unagusa leo, vipele na malengelenge vinatokea baada ya siku moja, mbili au tatu. Wengi humlaumu dagaa waliyekula jana usiku kumbe chanzo ni kazi ya juzi.

Korosho na embe ni ndugu wa ukoo mmoja. Aliyepata mzio wa maganda ya korosho anaweza kutokwa na vipele pembeni mwa midomo akimenya embe kwa meno, kwa sababu kemikali zinazofanana na hizo zimo kwenye ganda la embe na zaidi kwenye utomvu unaoruka unapokata kikonyo. Si lazima uache embe: lioshwe, limenywe na mtu mwingine, nawe ule nyama yake. Korosho iliyokwisha kubanguliwa na kukaangwa kwa kawaida haileti vipele hivi. Anayevimba midomo au kubanwa kifua akila korosho yenyewe ana tatizo jingine la hatari, aende kwa daktari.

Kwa mikono yako: glavu za mpira mzito zenye kitambaa cha pamba ndani, na usizivae ikiwa zimetoboka, kwani mafuta yakinaswa ndani ni balaa zaidi ya mkono mtupu. Malengelenge usiyatumbue. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 hutosha kwa vipele vichache. Vikienea eneo kubwa, au vikifika usoni na sehemu za siri, daktari anaweza kuandika vidonge vya predinisoloni; umeze kwa siku zote alizopanga, maana ukiviacha siku ya tatu kwa kuwa umepata nafuu, vipele hurudi.

Maji ya malengelenge yataniambukiza sehemu nyingine, au kumwambukiza mtoto?

Hapana. Yanayoenea ni mafuta ya mmea yaliyobaki kwenye kucha, nguo au mpini wa panga. Osha vitu hivyo.

Ndimu je? Bibi yetu hupaka ndimu kila kinachowasha.

Mwambie bibi kwa heshima aiweke kwenye mchuzi. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, kemikali zake huamka na kuunguza. Siku moja hadi tatu baadaye hutoka wekundu na malengelenge, kisha mabaka meusi yenye umbo la michirizi pale maji yalipotiririka. Wanaokata ndimu nyingi za achari juani hupata jambo hili bila kupaka kitu. Dawa ya meno na mafuta ya taa navyo viacheni.

Kuna gugu la maua meupe madogo, kila likichanua uso na kope vinanivimba.

Huenda ni gugu karoti, mgeni kutoka Amerika ambaye sasa ameenea pembezoni mwa barabara na malishoni, Arusha na sehemu nyingi za Kenya. Chembe zake hupeperuka, kwa hiyo vipele hukaa sehemu zisizofunikwa: uso, kope, shingo, mikono. Wengine hupata mafua na pumu. Ling'olewe kabla halijachanua, kwa glavu, mikono mirefu na barakoa, na asiyelivumilia amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Nimeamka na mstari mwekundu unaounguza shingoni na sijaenda shambani.

Huyo anaelekea kuwa mdudu, siyo mmea. Nairobi fly, mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, huja kwenye taa baada ya mvua. Ukimponda kwenye ngozi, sumu yake huacha mstari. Mpulize, usimponde, na osha mahali hapo kwa sabuni.

Mdogo wangu yuko Marekani, ameambiwa ajihadhari na mmea wa majani matatu.

Ni poison ivy, ndugu mwingine wa mkorosho. Mafuta yake hushika ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo aoge mapema kwa sabuni, afute viatu na zana, na kama ana mbwa aliyepita vichakani amwogeshe kwa glavu. Na asiuchome moto kamwe: moshi wake hubeba mafuta hadi mapafuni. Kama alikuwa na mzio wa maganda ya korosho huku nyumbani, achukue tahadhari mara mbili.

Nikienda kufyeka nijikinge vipi?

Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya gambuti, shati la mikono mirefu lililofungwa hadi kola, glavu, na miwani ukikata minyaa. Upupu ukate ukiwa bado mbichi. Kama umeshakauka, nenda alfajiri umande ungali juu ya majani, kwa kuwa vinywele vilivyolowa haviruki. Simama upande unakotoka upepo. Usiuchome ukiwa umesimama karibu.

Ni wakati gani niende hospitali bila kungoja?

Jicho, kama nilivyosema. Kupumua kwa shida, sauti kukauka au midomo na ulimi kuvimba. Malengelenge usoni au sehemu za siri. Homa, usaha au wekundu unaozidi kuenea kila siku. Mtoto mdogo aliyetafuna tawi au utomvu: usimtapishe.

Vipele vimepona lakini vimeniachia mabaka meusi. Nipake krimu gani?

Kwa ngozi yetu mabaka hayo ni ya kawaida, na hufifia yenyewe kwa wiki kadhaa au miezi. Yakinge na jua na upake mafuta ya kawaida ya kulainisha. Zile tyubu zinazouzwa madukani zenye betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi kali, nyingine zikiwa zimechanganywa na dawa za fangasi na za bakteria, huuzwa kama tiba ya kila upele na pia kama za kung'arisha. Zikitumika kwa muda mrefu bila mpangilio wa daktari huifanya ngozi iwe nyembamba, itoe mishipa na chunusi, na usoni uharibifu huo huchukua muda mrefu kuondoka kuliko baka lenyewe.