Toba yenye anwani: Walokole walivyoishi umoja wao

Nafundisha historia ya kanisa katika chuo cha Biblia, na kila tukifika kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki darasa huchangamka. Wengi wana bibi au babu aliyekuwa Mlokole, yaani mfuasi wa uamsho huo ("aliyeokoka" kwa Kiganda). Wanaijua Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Walokole, na wanajua wazee hao hawakugusa pombe. Ila ukiwauliza ni nini kiliwaunganisha watu ambao kwa kawaida hawakupikika chungu kimoja, hujibu "Roho Mtakatifu", na mjadala unaishia hapo. Sikatai jibu hilo. Nasema tu kwamba Roho huyo aliwapa kazi ya kufanya, na kazi hiyo inaelezeka.

Habari yenyewe huanzia mwaka 1929. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa hoi kwa uchovu baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, wakaketi pamoja kusoma Biblia na kuomba. Mzungu hakuja hapo kumfundisha Mwafrika. Wote wawili walikuja na kiu ileile. Kwa wakati ule wa ukoloni, hilo peke yake lilikuwa jambo. Baadaye moto ukashika Gahini, kwa akina Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na Yosiya Kinuka, ukavuka kwenda Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika upande wa Bukoba. Wakaguswa Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, hata Wamenoni wa Musoma, na kila mtu akabaki katika kanisa lake.

Sasa hiyo kazi. Wandugu, kama Walokole walivyoitana, waliishika 1 Yohana 1:7, "tukienenda nuruni... twashirikiana sisi kwa sisi", kwa maana nyepesi kabisa: usiniambie wewe ni mwenye dhambi, niambie ulichofanya. Katika ushirika wa kila juma mtu husimama, husema "Bwana asifiwe", kisha hueleza jambo lake kwa ufupi. Nimewahi kuketi kwenye ushirika mmoja ambapo baba wa makamo alisema amekuwa na uchungu na mdogo wake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyempigia makofi. Mzee mmoja alimuuliza tu, "Na mwenyewe umeshamwambia?" Akajibu bado. "Basi, ndugu, nenda kwanza." Wimbo haukuimbwa. Uliimbwa aliporudi, wiki nyingine, na huyo mdogo wake akiwa pale mlangoni.

Swali la yule mzee ndilo kiini cha mambo yote. Toba ilikuwa na anwani. Aliyeiba jembe la bwana shamba alilirudisha kwa bwana shamba. Aliyekwepa kodi alikwenda bomani kulipa, na makarani hawakujua waiandike wapi fedha hiyo. Wamisionari nao hawakupona: wapo waliosimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi cha rangi yao, wakaanza kula nao meza moja. Umoja wa namna hiyo haukutokana na tamko la viongozi. Ni vigumu kumdharau mtu aliyesikia aibu yako akakukumbatia.

Ndiyo maana nadhani uvumilivu wao haukuwa ushujaa wa ghafla. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari mwaka 1952, wandugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kula kiapo kingine. Wengi wao pia walikataa kubeba bunduki za walinzi wa serikali. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Uganda nako, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Askofu Festo Kivengere, naye Mlokole, alikimbia nchi, na akiwa uhamishoni alitamka kwamba amemsamehe Idi Amin. Watu waliozoea kuombana msamaha kwa ajili ya jembe na mpaka wa shamba walikuwa na mazoezi ya miaka mingi.

Lakini nisiwapake mafuta. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, William Nagenda akiwa miongoni mwao, baada ya mvutano juu ya ibada zao za alfajiri na ukali wa mahubiri yao. Wakuu wa chuo walitumia rungu la utii. Vijana nao walikwisha kujiona wao ndio wenye nuru na waalimu wao wako gizani. Unyenyekevu unaweza kugeuka cheo: aliyetubu zaidi anakaa juu. Nimeuona ugonjwa huo hata leo.

Na kuna 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwanafunzi asipouliza, nauliza mimi: Gahini iko Rwanda, ikawaje? Si kwamba hapakuwa na waaminifu. Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyewahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao, aliuawa na askari tangu Januari 1964. Maoni yangu ni kwamba polepole orodha ya mambo yanayoletwa nuruni ilifupika. Pombe, uzinzi, uongo, wivu, hayo yalisemwa. Ukabila, kadi ya utambulisho iliyoandikwa kabila la mtu, nani anapata nafasi ya shule na nani hapati, hayo yakaitwa siasa. Anwani nyingine zikafutwa kwenye kitabu.

Kwa hiyo siku hizi nikialikwa kusema kwenye ushirika, naomba tuongeze mambo mawili matatu kwenye yale ya kawaida: tulivyopigiana simu usiku wa uchaguzi wa askofu, kesi ya kiwanja cha kanisa iliyoko mahakamani, na yule mhasibu tuliyemwondoa bila kumweleza sababu. Mara nyingi mwenyekiti hunijibu kwa upole kwamba hayo, mwalimu, ni ya kamati.