Umeandika Kitabu cha Kikristo, Sasa Wakipeleka Wapi?

Swali tunaloletewa sana hapa dawatini kwetu ni hili, "nimemaliza kuandika, ni pablisha gani atanichukua?" na jibu letu huwa laudhi watu kidogo maana sisi twarudisha swali, nani atakinunua? Hatuulizi nani atabarikiwa, hiyo twajua utasema ni kila mtu. Twauliza nani atatoa mia tano mfukoni, na akiitoa atakuwa amesimama wapi, dukani, nje ya kanisa baada ya ibada, ama kwa simu yake kitandani. Ukiwa na jibu la hilo mchapishaji hakosekani, kama huna utazunguka na mswada mpaka karatasi ziwe manjano.

Wengi hapa Mombasa wakisikia wachapishaji wa Kikristo akili yakimbilia Nairobi, na kweli wako huko, kuna Paulines ya masista wa Kikatoliki, kuna Uzima ya Waanglikana, kuna Evangel na WordAlive. Hao wote waandikie, hakuna ubaya. Lakini siku moja ingia duka la vitabu vya kanisa hapa mjini utazame rafu vizuri, Kiingereza kimejaa, na vile vichache vya Kiswahili ukifungua ukurasa wa haki za uchapishaji mara nyingi wakuta vimetoka Tanzania. Inachekesha kidogo, maana yule mmisionari Mjerumani Krapf alishuka hapa hapa Mombasa 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na leo sisi ndio twaagiza.

Kwa hivyo maoni yangu (kuna wenzangu ofisini hawakubali) ni kwamba mtu wa Pwani anayeandika Kiswahili aangalie kusini kwanza. Dodoma kuna Central Tanganyika Press ya Waanglikana, Ndanda kule Mtwara na Peramiho kule Songea Wabenediktini wanachapa vitabu kitambo sana, halafu kuna Soma Biblia ambao wana maduka yao na wanasambaza. Kule mtu anasali Kiswahili, anasoma Kiswahili, shule ya Jumapili ni Kiswahili, sio kama huku mhubiri anaanza kwa Kiingereza na kuna mtu pembeni anamtafsiria. Na mpaka wa Horohoro si mbali, ukitoka Likoni asubuhi mchana uko Tanga. Shida moja tu, mhariri wa kule hatakuachia sheng, ukiandika "wasee wa kanisa walikuwa wamechoka" atapiga mstari, na mimi namuunga mkono.

Kabla ya kutuma popote piga simu ama andika imeili uulize wanapokea nini mwaka huu. Wengine huchapa vya dhehebu lao tu. Kwa Wakatoliki jueni pia katekisimu na vitabu vya kiada vya mafundisho ya imani vyahitaji ruhusa ya askofu kabla ya kuchapwa, sasa ukienda kwa mchapishaji bila kuongea na paroko wako kwanza umeruka ngazi.

Nije kwa barua yenyewe maana hapa ndipo watu wanaanguka. Barua nyingi tunazosomeshwa zaanza hivi: "Shalom. Mimi ni mtumishi wa Mungu aliye hai, Bwana amenipa ufunuo mkubwa kwa ajili ya kizazi hiki na nina kurasa 340." Mhariri ameshachoka. Hajui ni mahubiri, ni ushuhuda ama ni riwaya, na kurasa 340 zimemtisha kwa sababu karatasi ni pesa. Sasa ona hii: "Nina masomo 12 ya Biblia kwa vikundi vya akina mama, kila somo kurasa nne, lina andiko, maelezo, maswali matano ya kujadili na sala. Nimeyafundisha kwa kikundi chetu Mikindani mwaka mzima na vikundi viwili vya jirani vimeomba nakala." Mtu yuleyule, imani ileile, lakini huyu wa pili ameuza kitabu kwa sentensi mbili, maana mchapishaji ameona Mothers' Union ya akina mama Waanglikana, ameona CWA ya akina mama Wakatoliki, ameona wanunuzi wanaokutana kila wiki na wanaohitaji kitu kipya kila mwaka. Ambatanisha sura mbili na muhtasari wa zile zingine, na uniamini, usiweke picha yako na suti ukurasa wa kwanza.

Ndio nasema vikundi vya kanisa ni soko kubwa kuliko maduka. Watu wanaleta mahubiri yao yaliyopigwa taipu, na mahubiri kwa kitabu hayauziki isipokuwa jina lako lajulikana, lakini masomo ya vijana, maandalizi ya ndoa, kipaimara, mwongozo wa walimu wa Jumapili, hivyo vinatafutwa na vya Kiswahili kizuri ni haba.

Shule nayo ni mlango mwingine lakini ni mzito. Kitabu cha CRE, lile somo la dini ya Kikristo, lazima kipitishwe na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, na tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya wanafunzi yenyewe na kuvipeleka shuleni moja kwa moja, kwa hivyo mwandishi peke yake hana pa kuingilia, ni lazima ashikane na mchapishaji anayeshindania zile tenda.

Kama Kiingereza chako ni kizuri usidharau vitu vifupi. The Upper Room, kijarida cha tafakari za kila siku cha Nashville kule Marekani, kimekuwako tangu 1935, na tafakari zake huandikwa na wasomaji wenyewe kutoka nchi nyingi. Tafakari moja ni kama maneno 250 mpaka 300, na andiko na sala fupi, wanalipa kidogo. Kuandika maneno 300 ambayo hayana neno la ziada ni kazi, jaribu uone.

Sasa pesa, na hapa watu wanakasirika. Tuseme kitabu chauzwa 500. Kodi ya VAT kwa vitabu ni 16%, ukiitoa zabaki kama 431. Duka likitaka 40% yake mchapishaji abaki na kama 258. Mrahaba wako, yaani fungu la mwandishi, ukiwa 10% ya hapo ni shilingi 25 na senti, na KRA, watoza ushuru, inakata 5% ya mrahaba kabla haujakufikia. Hujaibiwa, ndivyo hesabu ilivyo. Ukiuza kupitia Amazon ujue pia Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mrahaba wa mauzo ya kule hukatwa 30%.

Ndio maana wengine wanaamua kujichapia, na sina neno, ila jua tofauti. Mchapishaji hutia pesa yake kwa kitabu chako. Yule anayekwambia "tumeukubali mswada wako, lete laki moja" ni mpiga chapa mwenye maneno matamu, na mpiga chapa si mtu mbaya, lakini basi mlipe bei ya kupiga chapa na ulinganishe na wengine watatu hapo mjini. Muulize nani ataweka mafaili, nani ana haki, nakala ngapi na lini. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, ichukue mwenyewe Maktaba ya Taifa (KNLS), isiwe kwa jina la mtu mwingine. Haki ya kazi yako unayo tangu ulipoiandika, lakini kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunasaidia siku ya ugomvi.

Halafu hii wengi hawaijui kabisa, Biblia unayonukuu ina wenyewe. Tafsiri za Kiswahili tunazotumia kama Habari Njema zina haki za Vyama vya Biblia, Kenya na Tanzania, sasa kama kitabu chako ni aya ndefu ndefu mfululizo waandikie uombe ruhusa na utaje tafsiri mwanzoni mwa kitabu. Nyimbo za kwaya za siku hizi pia ni hivyohivyo, mtunzi yuko hai na anasoma.

Mkataba ukija soma kipengele cha haki kurudi kwako kitabu kikiisha sokoni na kipengele cha nchi. Ukimpa mchapishaji wa Nairobi haki za Afrika Mashariki yote na hana hata wakala mmoja Tanzania, umejifungia ule mlango wa kusini mwenyewe. Mwambie aandike Kenya peke yake, wengi wakiombwa wanakubali. Na wanaokuja dawatini kwetu, njooni na barua yenu imechapwa na sura mbili kwenye karatasi, flashi pekee hatufungui.